Spika za Pikapu na Masikio ya Watoto

Mwezi uliopita tulimaliza habari za kuhara kwa watoto wachanga, tukaahidi kwamba mwezi huu zamu ni ya masikio. Ahadi ni deni, na leo tunalilipa. Lakini njia tutakayopita huenda hukuitazamia, maana tutaanzia ndani ya pikapu kuukuu, tuifungue milango yake na kuzitazama spika zilizomo.

Usigeuze ukurasa. Wengi wetu tukisikia neno spika tunasema hayo ni mambo ya wanaume na vijana. Nasi tulisema hivyo hivyo kwa miaka mingi, ndiyo maana yakatupata tuliyoyapata.

Gari la nyumba yetu ni pikapu ya dizeli ya mwaka 1994, ile ya milango minne. Hapa kwetu Njombe gari la namna hiyo ni mtumishi wa wote. Siku za wiki linabeba viazi na maziwa, siku ya kliniki ya kijijini linabeba mzani wa watoto, na Jumapili linabeba vyombo vya kwaya. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni dakika 50 kwa barabara ya vumbi, na dakika 50 nyingine kurudi. Safari yote hiyo watoto hupenda kuimba pamoja na redio, nasi tulikuwa tukifurahi kuwasikia.

Shida ni kwamba spika za milango ya mbele zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine. Ya kushoto ilikoroma kama mzee mwenye mafua. Ya kulia ilinyamaza kabisa. Tuliona ni jambo dogo, la kungoja mpaka mahitaji yote ya nyumba yaishe, na wewe mama unajua kwamba mahitaji ya nyumba hayaishi.

Agosti 2024, baada ya kuuza viazi, tulitenga shilingi 400,000 za bati 12 za jiko. Jiko letu liko nje, na bati zake zimeliwa na kutu hata mvua ikinyesha tunapika tukisogeza sufuria huku na huku. Jioni moja baba watoto akarudi kutoka mjini, na pikapu tuliisikia tangu barabara kuu kabla hatujaiona. Fundi alikuwa amemwekea sanduku la mbao nyuma ya kiti cha nyuma, lenye spika mbili kubwa za umbo la yai, zile za inchi 6 kwa 9, pamoja na amplifaya chini ya kiti. Akazima gari, akashuka akitabasamu kama mvulana.

"Fedha zimetoka wapi?" tukauliza.

"Ni zile za bati, mama watoto. Bati tutanunua viazi vya pili vikitoka."

Tulinyamaza majuma mawili. Tulidhani kunyamaza kwetu ni unyenyekevu wa mke Mkristo, tena tukajisifu moyoni. Haukuwa unyenyekevu. Ilikuwa ni hasira, na mtu mwenye hasira haoni lililo mbele ya macho yake. Tulikuwa tunakaa kiti cha mbele kila Jumapili, tukitazama dirishani ili tusizungumze habari za spika hizo, na watoto watatu wamekaa nyuma yetu.

Mwezi wa Novemba, usiku wa Jumapili, taa zimezimwa na nyumba imetulia, kitinda mimba wetu wa miaka 8 akaita kutoka chumbani kwao: "Mama, kwa nini nyenje wanalia ndani ya sikio langu?"

Njombe usiku wa Novemba nyenje wapo kweli. Lakini hawalii ndani ya sikio la mtu. Asubuhi tulimpeleka zahanati tukamtazama kwa kifaa cha masikio. Hakuna nta iliyoziba, hakuna usaha, ngoma ya sikio ni safi. Siku ya Jumatano mwalimu wake akatuambia, bila sisi kumwuliza, kwamba mtoto ameanza kusema "ee?" kila anapoitwa, hasa siku ya Jumatatu. Hapo mwili ulitusisimka. Muuguzi wa miaka 20 na zaidi, tunayesimama kila mwezi mbele ya akina mama kuwafundisha juu ya masikio, tukashindwa kuhesabu kwamba Jumatatu hutanguliwa na Jumapili.

Jumamosi tuliingia kwenye pikapu imesimama uani, tukakaa pale anapokaa yeye, nyuma ya dereva. Tukamwambia mwanetu mkubwa afungue redio kwa kiasi kile anachoweka baba yake barabarani. Mama msomaji, hatukuweza kumaliza wimbo mmoja. Spika ilikuwa kisogoni kwetu, umbali usiozidi shubiri mbili. Kwenye kiti cha mbele sauti ile ile ilikuwa ya kawaida tu, tena haieleweki vizuri, na kwa kuwa haieleweki dereva huiongeza. Kijana akashika simu yenye programu ya kupima sauti. Simu si kipimo cha hospitali, lakini hutoa picha. Mbele ilisoma 78 hivi, nyuma, pale penye kichwa cha mtoto, ikasoma 90.

Sasa tueleze maana ya namba hizo, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazihesabiwi kama kilo za unga. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa mara mbili, na muda ambao sikio linaweza kuivumilia hupungua nusu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lilitoa mwongozo wa vyombo vya kusikilizia muziki. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo 40. Mwongozo ule ulilenga hasa simu na vile vidude vya kuchomeka masikioni, lakini sikio halijui sauti imetoka kwenye chombo gani.

Chukua kalamu ufuatane nasi. Mtoto akiwa kwenye 75 ana saa 40. Kwenye 78 ana saa 20. Kwenye 81 ana saa 10, kwenye 84 saa 5, kwenye 87 saa 2 na nusu, na kwenye 90 ana saa moja na robo kwa juma zima. Mtoto wetu alikuwa akipata saa moja na dakika 40 kila Jumapili, kabla hujahesabu safari za mnadani na kengele za shule.

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojikunja kama nyumba ya konokono. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo vidogo mno, nazo ndizo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye neva. Kelele ikizidi, vinyweleo hulala kama ngano iliyopigwa na upepo. Vikipumzishwa huweza kuinuka tena, na ndiyo sababu mtu akitoka mahali penye ngoma kubwa husikia mlio masikioni na kuona maneno ya watu yako mbali, kisha kesho yake amepona. Lakini mambo hayo yakirudiwa mara kwa mara, chembe zile hufa, na zikifa kwa binadamu haziotи tena. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kudondosha. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, kwa hiyo mtoto atasikia kwamba unaita, ila hatatofautisha vizuri "fika" na "shika". Mzazi atasema ana ukaidi. Mwalimu atasema ni mzito.

Basi tukafanya jambo ambalo tungalipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Hatukumhubiria baba watoto. Tulimwomba akae kiti cha mtoto, na sisi tukakaa mbele tukafungua redio kwa kipimo chake mwenyewe. Alivumilia nusu ya wimbo.

"Zima," akasema. Akabaki amekaa pale nyuma, magoti yakigusa kiti cha mbele. Baadaye akauliza, "Na yeye hukaa hapa kila Jumapili?"

Usiku ule tuliongea mpaka saa sita. Yeye alikiri habari ya bati, nasi tukakiri habari ya kununa. Tena alitueleza jambo ambalo hatukulijua: kwamba dereva wa pikapu kuukuu ya dizeli, vioo vikiwa wazi, hasikii mahubiri ya redioni hata kidogo spika zikiwa mbovu, na safari ndefu bila sauti humtia usingizi. Hilo nalo ni la usalama wa watoto. Kumbe hakuna aliyekuwa mjinga kati yetu. Kosa lilikuwa la mahali spika zilipowekwa.

Fundi wa pili tulimtafuta sisi wenyewe, mzee mmoja anayetengeneza redio kwa utulivu, na tulimwita aje uani kwetu Jumamosi ili tuone kila anachofanya. Tunakushauri nawe ufanye hivyo. Hata kama hutashika bisibisi, kaa karibu na chai.

Kwanza alitueleza spika ni nini. Nyuma kuna sumaku, katikati kuna koili ya waya mwembamba, na mbele kuna karatasi ya umbo la faneli inayosukumwa mbele na nyuma. Ukingo wa karatasi hushikwa na sponji, mpira au kitambaa ili ucheze. Miaka inapopita sponji huoza na kumeguka kama mkate mkavu, karatasi hulowa na kuchanika, na spika huanza kukoroma. Sauti iliyopasuka hata ukiiongeza haieleweki, bali inakuwa kelele zaidi. Kwa hiyo, akasema mzee yule, mtu hanunui spika mpya za pikapu kuukuu ili apate sauti kubwa. Hununua ili aweze kupunguza sauti na bado asikie maneno. Neno hilo lilitupendeza sana.

Alianza kwa kutoa kichwa cha hasi cha betri. Kisha akatafuta namna ya kung'oa ule mkono wa kuzungushia kioo. Hushikwa kwa klipu ndogo ya chuma iliyojificha nyuma yake, na vijana wengi huivunja kwa bisibisi. Mzee akaomba kipande cha kanga kuukuu, akakipitisha nyuma ya mkono ule, akakivuta huku na huku kama mtu anayepiga viatu brashi. Klipu ikaruka yenyewe. (Tuliitafuta kwenye majani kwa robo saa. Wekeni shuka chini.)

Kava la mlango lilipotoka tukaona yaliyofanywa na fundi wa kwanza. Nyuma ya kava la mlango wa gari huwa kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi ya lami. Kazi yake ni kubwa. Mvua inapopiga kioo, maji huteremka na kuingia ndani ya mlango, hiyo ni kawaida, kisha hutokea chini kwenye vitundu vidogo. Nailoni ndiyo inayozuia maji hayo yasije upande wa abiria. Fundi wa kwanza aliichana alipochungulia spika za mbele, akaona zimekufa, akairudisha matambara. Ndiyo maana tangu mvua zianze mlango ulikuwa ukinuka ukungu na kava limevimba. Tena vitundu vya chini vilikuwa vimezibwa na tope. Mzee alivizibua kwa spoku ya baiskeli, na maji yaliyotoka yangetosha kuoshea vikombe.

Hapo kazi ikawa ya taratibu. Alipima tundu la spika na kina chake, akateremsha kioo mpaka mwisho na kuangalia kama sumaku ya spika mpya itagusana nacho. Tulikuwa tumenunua za inchi 6 na nusu, lakini sumaku ilikaribia mno. Fundi mwenye haraka angekata bati la mlango. Yeye alichonga pete ya plaiwudi ya kuinua spika kidogo, akaipaka rangi ya mafuta pande zote ili isinywe maji, akaifunga kwa skrubu. Waya zilizooza alizikata na kulehemu mpya, akizipitisha ndani ya ule mpira unaounganisha mlango na gari ili zisisagwe mlango unapofungwa.

Tulijifunza pia kwamba spika ina chanya na hasi. Ukizichanganya, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi hupotea katikati ya gari. Ndipo mtu huongeza sauti tena. Spika isiyo na alama hupimwa kwa betri moja ya tochi, ile ya volti 1.5: ukigusisha kwa sekunde tu na karatasi ikaruka kuja mbele, basi upande ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya ya spika. Watoto walitaka kila mmoja ajaribu, na mzee akawaruhusu.

Kwa redio nyingi za kununua dukani, waya za nyuma zina rangi zinazofanana: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu ni mbele kulia, kijani ni nyuma kushoto, zambarau ni nyuma kulia, na kila moja ina mwenzake wenye mstari mweusi ambao ndio hasi. Hasi hiyo isifungwe kwenye bati la gari. Magari mengine ya zamani yalikuwa na hasi moja kwa spika zote, na ukiiunganisha hivyo na redio ya sasa utaiunguza. Fundi wa kwanza alikuwa amefanya kosa lingine: aliacha ile spika mbovu ya mbele iliyokoroma na kuongeza nyingine kwenye waya ule ule, kumbe spika mbili za omu 4 zikifungwa bega kwa bega huwa omu 2, na redio huvuta umeme mwingi, hupata moto na kujizima. Ilikuwa inatufanyia hivyo kila tukifika mlimani, nasi tukilaumu mlima.

Kabla ya kufunga, mzee alibandika vipande vya shiti ya lami kwenye bati la nje la mlango ili lisitetemeke, kisha akaweka nailoni mpya nene na kuziba kila tundu kubwa. Akaeleza kwamba sauti inayotoka nyuma ya spika ikipita kwenye matundu na kukutana na ile ya mbele, huuana, na sauti nene ndiyo inayokufa kwanza. Mlango uliozibwa vizuri huifanya spika ya bei ndogo isikike kama ya bei kubwa. Tunaamini, maana tulisikia kabla na baada.

Za nyuma tulisema wazi: ziwe ndogo, ziwe chini. Akaweka za inchi 4 kwenye milango ya nyuma karibu na miguu ya watoto, mbali na vichwa vyao. Halafu akaenda kwenye redio, akasogeza ule mpangilio wa kugawa sauti mbele na nyuma, akaupeleka mbele. Jambo hilo la mwisho ni la bure, na redio nyingi zinalo. Kama leo huna hata shilingi ya spika, mama, nenda kalifanye hilo jioni hii.

Tulipopima tena kwa simu ile ile, gari limesimama, na maneno ya mhubiri yanasikika moja moja, mbele ilisoma 72 na nyuma 68. Barabarani gari lenyewe lina kelele, kwa hiyo tulibadilisha pia raba za milango miwili iliyokuwa ikipitisha upepo, na vioo vya nyuma hufungwa kukiwa na vumbi. Kwenye kitufe cha sauti baba watoto mwenyewe alichora alama kwa rangi ya kucha ya binti yetu, nyekundu, kwamba hapa ndipo mwisho. Kipimo kingine kisichohitaji simu ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, punguza.

Ukienda dukani usitishwe na wati zilizoandikwa kwenye boksi kwa maandishi makubwa. Tafuta neno RMS, hiyo ndiyo nguvu ya kweli ya muda wote, na redio ya kawaida ya gari hutoa wati 15 hadi 20 tu kwa kila spika hata kama imeandikwa 50. Kwa hiyo spika ya omu 4 yenye ukingo wa mpira inatosha bila amplifaya. Tena kama redio yako ni ile iliyokuja na gari kutoka Japani, nyingi za zamani hushika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Spika mpya hazitaleta kituo ambacho redio haikishiki.

Gharama tuliiandika yote kwenye daftari la nyumba, safari hii mbele ya wote wawili. Spika za mbele shilingi 90,000, za nyuma 50,000, fundi 40,000, nailoni, shiti na raba 20,000. Jumla 200,000. Sanduku la spika kubwa na amplifaya yake tuliliuza kwa vijana wenye banda la kuonyesha mpira, wakatupa 220,000, tukawasihi walitundike juu, mbali na vichwa vya watoto wanaokaa mbele. Walicheka. Huenda tukapita kuwakumbusha.

Kwa upande wa mtoto, tulimpeleka hospitali ya rufaa kwa mtaalamu wa masikio. Walimfungia kwenye chumba kidogo kisicho na kelele, wakamvalisha vipokea sauti, akawa anabonyeza kitufe kila asikiapo mlio. Sikio la kushoto ni zuri. La kulia liko ndani ya kiwango, ila kwa sauti nyembamba limeteremka kidogo kuliko mwenzake, na mtaalamu hakuweza kusema kama limekuwa hivyo sasa au lilikuwa hivyo zamani, kwa sababu hatukuwahi kumpima. Alitaka arudi baada ya miezi sita. Nyenje wamepungua. Mara moja moja, akichoka, husema wamerudi, nasi humkalisha mahali patulivu na hatumwambii kwamba anajifanya.

Wewe mwenye mtoto anayeuliza "ee?" mara nyingi, anayetazama midomo ya msemaji, anayeongeza sauti ya televisheni au kulalamika mlio baada ya safari au sherehe, mpeleke akatazamwe masikio na akapimwe usikivu. Usimchokonoe kwa njiti ya kiberiti wala kumtia mafuta ya moto. Na kabla hujamwuliza yeye, kaa kwanza pale anapokaa.

Zile 20,000 zilizobaki hazikutosha bati hata moja. Desemba tuliongeza fedha za maziwa tukanunua tatu, na baba watoto alizipigilia mwenyewe upande wa mafiga. Zimebaki tisa.